Nyumba Iliyojengwa kwa Kipimo cha Damu

Baba mdogo alishakufa zamani na mimi bado sijamsamehe. Watu wa kanisa wasinisumbue.

Miaka hiyo ya tisini mama na mimi tuliishi Makongeni, Thika. Yeye alikuwa akimenya mananasi katika kiwanda kimoja cha kuweka matunda mikebeni, nami nilikuwa nimemaliza fomu foo na kukaa tu. Tumbo lake likaanza kujaa maji huku mashavu yakikonda. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, akatupeleka kwa daktari mmoja kwao Ruiru. Damu ikatolewa, ikapelekwa Nairobi kupimwa kitu kinachoitwa CA 125, ambacho hupanda mwanamke akiwa na kansa ya ovari. Majibu yaliporudi, namba ilikuwa juu sana.

Siku hizo mgonjwa alikuwa haambiwi. Anaitwa mwanamume wa familia, anaambiwa yeye. Mama aliachwa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, majibu ya damu yake mwenyewe akipewa shemeji. Baba mdogo alipotoka, alimwambia mama ni vidonda vya tumbo, anywe maziwa. Mimi akanivuta kando.

"Ni kansa. Hakuna kitu ya kufanya. Usimzungushe kwa mahospitali."

Nilimwamini, mjinga mimi.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu tena. Aliogopa kansa ingemrukia! Lakini ploti ya mama pale Ruiru, ile aliyoachiwa na baba, hiyo hakuiogopa hata kidogo. Wiki haikuisha kabla lori halijamwaga mawe.

Aliyetuokoa ni mke wake. Alikuja Makongeni siku ya soko, akafungua pindo la leso, akanipa barua bila kuniangalia. Ngai! Niliisoma mara mbili. Yule daktari wa Ruiru alikuwa ameandika wazi kabisa: namba hii peke yake haithibitishi kansa, yako magonjwa mengine yanayoipandisha, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa haraka, maji ya tumbo na kipande cha nyama ya humo ndani vipimwe. Baba mdogo alikuwa ameikalia barua hiyo wiki tano. Wiki tano, mama akiisha mbele ya macho yangu! Nilitaka kumchoma moto.

Nilimweleza mama yote. Hakulia. Kesho yake tulikuwa hospitalini, na baada ya vipimo tukaambiwa ni TB ya tumbo. TB! Ugonjwa wa kumeza vidonge upone. Daktari wa huko alituambia TB ya namna hiyo hupandisha ile namba vilevile.

Nikasema naenda Ruiru saa hiyo hiyo, huyo mtu atakiona cha mtema kuni. Mama akanishika mkono.

"Tulia. Usimwambie mtu. Mwache ajenge."

Mke wa baba mdogo naye alifunga mdomo. Alikuwa na yake moyoni.

Basi mama akameza vidonge miezi mingi, na kila nikitoka Ruiru kuchungulia aliniuliza swali moja tu: "Ukuta umefika wapi?" Umefika madirishani, mama. Tumbo likapungua. Wamepiga mabati, mama. Akaanza kula ugali wake wote. Vidonge vilipoisha, damu ikapimwa tena, na namba ilikuwa ya kawaida kabisa. Jumamosi hiyo baba mdogo alikuwa amealika watu waje kuiombea nyumba.

Tuliingia uani katikati ya maombi, watu wakiwa bado nje ya mlango. Mama alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, hatimiliki yake mkononi. Macho yalimtoka baba mdogo.

"Si... si karatasi ilisema?"

"Ilisema mambo mengi, shemeji. Wewe ulisoma ya ploti."

Kisha akanyoosha mkono mpaka ufunguo ukatolewa mfukoni mbele ya wageni wote. Haki ya Mungu, sijawahi kula kitu kitamu kuliko uso wa yule mtu siku ile. Mama akafungua mlango, lakini hakuingia kwanza. Alimgeukia mke wa baba mdogo.

"Ingia, dada. Chumba cha mbele ni chako, kaa mpaka uchoke."

Akaingia, mama akamfuata. Mumewe aliinua mguu naye aingie. Mimi ndiye niliyefunga mlango.