Shangazi na Mikono Yake ya Asubuhi

Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi. Wifi yake akawafuata watoto, majirani wakamfuata wifi, na hatimaye hata kwenye kiwanda cha kufulia nguo alikofanya kazi, watu waliomzidi umri walimwita Shangazi. Hakubisha. Mtu aliyechoka vile hana nguvu za kugombania jina.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka. Yalikuja kwa matoroli kutoka hospitali na nyumba za wageni, yakafuliwa upande wa pili wa ukuta, yakamfikia yangali na unyevu. Yeye na mwenzake walishika pembe, wakalikung'uta shuka, wakaliingiza kwenye roli la moto la mashine ya pasi, likatoka limenyooka. Kisha jingine. Jioni akirudi nyumbani alikuta zamu ya pili inamngoja: mama yake, aliyepooza upande mmoja. Amgeuze, amwogeshe, amlishe, amsikilize. Mdomo wa mama ulikuwa umepinda, lakini maneno yalitoka yamenyooka.

"Unanishika kama gunia," mama alimwambia.

"Gunia halisemi, mama."

Waliishi nyumba moja na kaka yake, dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Wifi alikuwa na watoto wake na genge lake la mboga. Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba mama ni wa Shangazi. Ilitokea tu, kama vile kiti fulani mezani kinavyokuwa cha mtu fulani.

Mchana mmoja kazini, Shangazi alisinzia akiwa amesimama. Mkono ukagusa roli, ngozi ikababuka. Aliyemkimbilia na maji baridi alikuwa Mama Wanga, mwanamke mtu mzima aliyesimamia pipa la wanga wa kukazia vitambaa vya meza. Jina alilipata kwa kazi hiyo, na utani wa jina hilo, kwamba usiku anatoka na wenzake kuroga, alikuwa ameuzoea hadi akawa anautoa mwenyewe.

"Ulilala?" Mama Wanga akamuuliza.

"Nilipepesa macho tu."

"Ukapepesa mpaka ukaota. Njoo ukae."

Walikaa juu ya mafurushi ya nguo chafu, na hapo ndipo Shangazi aliposikia habari ya reiki. Ni mambo ya Wajapani, Mama Wanga alimweleza. Yeye alifundishwa na mwanamke mmoja kwenye kikundi chao cha akina mama, mwaka aliofiwa na mume. Unakaa, unatuliza pumzi, unaweka viganja machoni, kisha kifuani, kisha tumboni, polepole, kila siku. Wanasema kuna nguvu ya uhai inayopita mikononi.

"Na inapita kweli?"

"Mimi sijawahi kuiona. Ninachojua, nikifanya asubuhi siwi na haja ya kugombana na mtu mpaka mchana."

Shangazi alianza bila imani yoyote. Alikaa ukingoni mwa kitanda kabla nyumba haijaamka, akafumba macho, akaweka mikono. Siku za mwanzo alisinzia. Zilizofuata aliwaza uji. Mara mtoto akagonga mlango akitafuta soksi, mara mama akaita. Lakini alirudi tena kesho yake, labda kwa sababu katika siku nzima hapo ndipo mikono yake iligusa kitu ambacho si shuka wala si mgonjwa.

Wifi aligundua.

"Siku hizi unajifungia ndani unajipapasa?"

Shangazi akamweleza, akamtaja na aliyemfundisha. Wifi akashika kiuno.

"Mama Wanga? Katika watu wote duniani, uende ukafundishwe kuweka mikono na mtu anayeitwa Mama Wanga?"

"Ni wanga wa nguo, wifi."

"Hata wa usiku nao huwa na kazi ya mchana."

Wakacheka wote wawili, jambo ambalo halikuwa la kila siku humo ndani. Shangazi alijaribu hata kumwekea mama mikono begani. Mama alivumilia kidogo, kisha akasema, "Ukimaliza hayo, nipe chai."

Hakupona uchovu. Ulikuwa umemganda kama kupe. Lakini akiweka kiganja kifuani alianza kusikia kitu: moyo ulikuwa ukienda mbio. Yeye ameketi, hajabeba ndoo, na moyo unadunda kama wa mtu aliyepanda ngazi akikimbia. Akadhani ni mawazo. Asubuhi iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine tena.

Akamwambia Mama Wanga, akitarajia kuambiwa aongeze muda. Mama Wanga akaacha pipa lake.

"Hiyo si ya mikono. Hiyo ni ya daktari."

"Nilidhani utaniambia nizidishe."

"Uzidishe nini? Mimi nasimamia wanga, sisimamii mioyo ya watu. Siku zako zikoje?"

Shangazi akatazama chini. Damu ya mwezi ilikuwa ikimtoka nyingi, kwa muda mrefu sasa. Hakumwambia mtu, alidhani ni umri.

Kilichomwia kigumu kuliko hospitali ni kumwambia wifi. Alimkuta akichambua mchicha.

"Kesho asubuhi sipo, naenda hospitali. Mama utamwogesha wewe."

"Mimi?"

Shangazi alitaka kueleza, machozi yakamtangulia. Alilia amesimama, mikono imening'inia. Wifi aliweka mchicha chini. Hakusema la kufariji, hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliuliza tu, "Maji yake anataka moto kiasi gani?"

Daktari, binti mwenye haraka, alimfunua kope la chini akatazama ndani, akaagiza vipimo. Majibu yalipokuja akamtazama tena.

"Una uvimbe kwenye kizazi, na damu imekuishia. Umekuwa ukitembeaje?"

"Kwa miguu," Shangazi akajibu, naye hakuwa anatania.

Alipoulizwa kilichomleta, alisimulia habari ya mikono. Daktari hakucheka, wala hakumsifu.

"Mikono haiongezi damu. Lakini kama inakufanya ukae ujisikilize, usiiache. Na vidonge nitakavyokupa navyo usiviache."

Alilazwa, akaongezewa damu, baadaye akapasuliwa. Shuka alilolalia lilikuwa limetoka kiwandani kwao, na mkunjo mmoja ulimkera mpaka akaunyoosha kwa kiganja. Wifi alikuja kumwona akiwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama yenu mzito! Na ulimi wake mzito zaidi. Ulikuwa unanyamazaje miaka yote hii?"

"Nilichoka kusema."

"Ndiyo maana wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," wifi akasema, akaketi kitandani miguuni pake, akavua viatu.

Shangazi aliporudi kazini aliwekwa kwenye kukunja taulo kwa muda. Nyumbani walikubaliana wifi amshughulikie mama asubuhi, yeye jioni. Makubaliano yenyewe yalikuwa ya kusuasua. Kuna siku wifi aliwahi gengeni akayasahau, wakanuniana. Na jioni Shangazi alirudi amechoka, kama kila mtu wa kiwanda kile, ila sasa uchovu wake ulikubali kulala naye ukaamka umepungua.

Reiki aliendelea nayo. Kuna asubuhi aliyosikia joto viganjani, na kuna asubuhi nyingi asizosikia kitu, akahisi anapoteza muda. Kama kuna nguvu inayopita au hakuna, aliacha kujiuliza.

Asubuhi moja, mikono ikiwa tumboni juu ya kovu, alisikia mama akifoka chumba cha pili kwamba maji ni ya baridi, na wifi akijibu kwamba maji hayajawahi kumuua mtu. Shangazi akanyanyuka nusu. Akasimama hivyo, goti limekunjwa, akisikiliza. Sufuria ikagongana na jiko. Mtu alikuwa anapasha maji.

Akaketi tena, akafumba macho.