Nilimrekodi Landilodi Akikiri

Nianze na wenye makosa, kwa sababu watu wakisimulia habari hizi huanza na mvua. Mvua haikuangusha ploti yetu. Ilinyesha mtaa wote wa Pipeline siku hiyo, na ghorofa za jirani zilibaki zimesimama zikitutazama. Wa kwanza ni landilodi, aliyepandisha orofa saba juu ya msingi wa orofa nne. Wa pili ni msimamizi wa ploti, aliyeonyeshwa ufa akaupaka plasta na kwenda zake. Wa tatu ni karani wa ofisi, huyo nitamfikia. Wa nne ni mimi. Majina yao siandiki, maana niliambiwa nikiyaandika nitashtakiwa mimi. Lakini wakisoma watajijua.

Aliyeuona ufa ni mke wangu. Ulianzia nyuma ya kabati ya vyombo, ukapanda hadi darini. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anavuta kabati na kuupima kwa vidole.

"Baba, juzi kiliingia kidole kimoja. Leo vimeingia viwili."

Mimi ni mchongaji. Nimechonga twiga na vifaru tangu nilipoacha shule darasa la sita, na ufa wa mti naujua. Nikamwambia simiti ni kama mti mbichi, inakauka, itatulia. Hayo ndiyo yalikuwa majibu yangu, na mnaona sasa kwa nini nimejiweka katika orodha. Yeye hakuniamini. Alimwita msimamizi, akasimama naye palepale jikoni mpaka akampigia landilodi simu, na akasikia kwa masikio yake landilodi akisema, "Paka plasta." Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, nyumba ililala chini. Mimi nilikuwa ngazi ya chini kabisa nikitoka kununua sukari. Nilitolewa na nyonga iliyovunjika. Mke wangu alikuwa jikoni.

Uchunguzi ulipoanza, landilodi aliapa mbele ya kamati kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari ya ufa. Msimamizi alikuwa amehamia kusikojulikana, simu imezimwa. Aliyeisikia ile simu ya plasta alikuwa mmoja tu, na tulikuwa tumeshamzika. Mwenyekiti wa kamati akaniangalia akasema, "Mzee, pole sana, lakini haya ni maneno ya marehemu." Yaani kama landilodi hakujua, basi ni bahati mbaya, kila mtu aende nyumbani. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: ijulikane kwamba alijua.

Nilikuwa naishi Jericho kwa dada yangu, katika zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji. Silali vizuri, sikai vizuri, kazi yangu ni kutazama televisheni na kulaani. Dada alikuwa analipia kile king'amuzi cha kila mwezi, na mwezi ukiisha tu, picha inakatwa katikati ya sentensi ya mtu. Siku moja fundi wa redio wa pale sokoni alikuja kutengeneza pasi, akakuta skrini nyeusi.

"Mama, bado mnalipia hewa?"

"Hewa gani?" dada akauliza.

"Stesheni zote hizi ziko hapo juu bure, na picha ni HD. Wekeni antena kwa paa, mnunue king'amuzi cha bure, mchomeke flashi nyuma. Mkitaka kurekodi mnabonyeza hapa. Hakuna mtu wa kuwakatia."

Tukafanya hivyo. Na kweli, picha ilikuja safi, unaona mpaka jasho la mtangazaji juu ya mdomo. Nilijifunza rimoti kama nilivyojifunza tezo zamani, kwa kukosea. Nilijua kupanga saa, kujaza flashi, kufuta. Nilirekodi taarifa za habari, mahubiri anayoyapenda dada, mpira. Dada akawa ananitangaza kwa majirani: "Ukikosa habari za jana njoo hapa, ndugu yangu amekuwa stesheni." Nilicheka, naweza kukiri. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Kisha wiki moja wakaanza kumtangaza landilodi. Kipindi cha asubuhi, mgeni wetu Alhamisi, mjenzi aliyeinua maisha ya watu Eastlands. Uso wake huo, na tai nyekundu. Alhamisi hiyo nilikuwa na mazoezi ya nyonga hospitalini, na ukikosa foleni unangoja mwezi mzima. Nikapanga saa kwenye king'amuzi, nikapanga tena, nikamwambia dada asiguse hata swichi ya taa.

Niliporudi tulikaa wawili tukatazama. Mtu anakunywa chai, anaeleza jinsi alivyoanza na toroli moja ya mchanga. Mtangazaji, kwa sauti ya kubembeleza, akamuuliza kuhusu "ile ajali". Na yule mtu, kwa vile alikuwa ameshiba sifa, akajisahau.

"Waliniambia kuna ufa, ndiyo," akasema. "Lakini nyumba gani haina ufa? Nilifikiri ni plasta tu."

Mtangazaji akacheka kidogo, akamwongezea chai.

"Rudisha," dada akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Tulimsikia akisema hivyo mpaka chakula cha mchana kikaungua. Dada alikuwa amejifunika leso usoni analia. Mimi sikulia. Nilihisi kama mtu aliyemshika mwizi mkono ukiwa bado ndani ya mfuko.

Nilimpelekea fundi habari, na hapa naomba nimpe haki yake, maana yeye hayumo katika orodha. Aliniambia waziwazi, mbele ya wateja:

"Mzee, sikiza vizuri. Hii flashi imetengenezwa na hicho king'amuzi chako. Kompyuta haiijui. Ukienda huko ofisini kwa kamati, beba king'amuzi, beba na TV. Uwachomekee mwenyewe."

"Na TV?"

"Na TV. Funga kwa shuka, uite mkokoteni."

Nilirudi nyumbani nikamweleza dada. Akanitazama na magongo yangu mawili.

"Utaingia ofisi ya serikali na televisheni imefungwa shuka? Si watasema tumeiba?"

Laiti ningesema watasema na waseme. Lakini aibu ni kitu kibaya. Siku zote nimeingia katika maofisi kwa mlango wa nyuma nikiwa na vinyago ndani ya gunia, nikifukuzwa na walinzi. Siku hiyo nilitaka kuingia kama mtu. Nilivaa suti ya mazishi ya mke wangu, nikaweka flashi katika bahasha, bahasha katika mfuko wa kifua. King'amuzi nikakiacha Jericho.

Landilodi alikuwepo na wakili wake. Nilisimama nikasema nina sauti yake na sura yake akikiri. Nilimwona akimeza mate. Hilo nililiona, na hakuna wa kunifuta hilo. Mwenyekiti akamwambia karani aifungue. Karani alikuwa kijana wa kike, kucha ndefu, simu inamwita kila mara. Akachomeka flashi kwenye kompyuta. Kikatokea kijisanduku cha maneno ya Kiingereza, na vitufe viwili.

Skrini ilikuwa imenielekea. Nilikiona kile kijisanduku. Nilijua ni swali, kwa sababu ya ile alama mwishoni. Fundi alikuwa ameniambia kompyuta haitaijua. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari kuuliza, "Binti, hapo inasema nini?" Lakini mbele ya wakili yule, na mbele ya mtu yule mwenye tai, sikutaka ijulikane kwamba sijui kusoma Kiingereza. Nikafunga mdomo.

Wakili akainama, akasoma. Yeye alisoma, naapa alisoma. Akarudi kwenye kiti chake polepole, akasema, "Endelea tu, madam, tuna kesi nyingine." Karani akabonyeza huku anajibu simu. Mstari wa kijani ukajaa, ukaisha.

"Mzee, hii flashi haina kitu," akasema.

"Ina kitu. Angalia vizuri, mama."

"Haina. Ni tupu kabisa."

Nilipiga kelele siku hiyo. Nilirusha gongo moja, na walinzi wawili wakanitoa nje wamenishika makwapa, nikiwa na suti yangu.

Fundi aliponisikia akasema kijisanduku kile kilikuwa kinauliza kama flashi ifutwe yote, na karani alikubali. Alijaribu kila njia. Alikaa na ile flashi siku tatu, akaiunganisha na vitu vyake vyote, akatoa kipande cha tangazo la sabuni na mtangazaji akicheka. Landilodi hakuonekana hata bega. Nikaenda kwenye stesheni yenyewe. Langoni wakataka barua. Nikaleta barua. Wakasema kipindi kile huenda moja kwa moja hewani, hakihifadhiwi, ila watanipigia. Hawajanipigia. Kamati ikaandika kwamba mwenye jengo hakuwa na habari, na ikavunjwa.

Sasa anajenga tena, kule Kware, orofa nane. Jengo la rangi ya krimu na kijani. Hajamaliza orofa ya juu na za chini zimeshapata watu. Nilikataa kufa na yale maneno tumboni, kwa hiyo siku hizi nashuka huko kila mwisho wa mwezi, wakati watu wanahama, nasimama langoni na magongo yangu. Kila anayefika na godoro namweleza: mwenye hii nyumba aliambiwa kuna ufa katika ile nyingine, akajua, akasema ni plasta, mke wangu akafa. Msimamizi mpya ananijua.

"Mzee, si utoke hapa? Unaharibu biashara."

"Nitoe basi. Walinitoa mahali pazuri kuliko hapa."

Mwezi uliopita alikuja kijana na mkewe, wana mtoto mgongoni na meko ya gesi mkononi. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, sitawadanganya. Yule mwanamke akaweka meko chini.

"Pole sana, baba," akasema. "Sasa huyu mtu hakushikwa?"

"Hakushikwa."

"Na wewe ulimsikia mwenyewe akisema?"

"Nilimsikia. Nilimrekodi."

"Iko wapi hiyo rekodi?"

Mumewe akatazama juu, akahesabu madirisha kwa macho, kisha akamgusa mkewe begani.

"Twende, mama. Pale tulipotoka tumekaa bila maji wiki tatu. Hapa yanatoka kwa mfereji."

Yule mwanamke akaokota meko. Kabla ya kuingia aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, msimamizi asisikie: "Baba, huo ufa ulianzia wapi?"

"Jikoni," nikamwambia. "Nyuma ya kabati."