Moshi Ulio Mashariki ya Kaburi

Mwalimu Seo ananisumbua. Darasani kwetu sote ni vikongwe, tunajifunza kuandika sasa wakati meno yameisha, na kila mmoja ameambiwa aandike habari za mtu anayemjua vizuri. Yule wa duka la tofu aliandika habari za ng'ombe wake, akapigiwa makofi. Mimi nikasema sina mtu. Mwalimu akasema, "Bibi, si kuna mzee wako aliyekuwa akicheza kompyuta?" Nani alimwambia? Ni mdomo wa Tak dereva teksi, hakuna mwingine. Haya, naandika. Ila sahihisheni herufi tu. Maneno yangu yaacheni kama yalivyo.

Mume wangu aliitwa Gil Man-bok. Alikuwa mchimba makaa hapa hapa Taebaek, na aliingia mgodini kabla ndevu hazijamtoka vizuri. Ninyi mliozaliwa baada ya migodi kufungwa hamjui tulivyoishi. Asubuhi mwanamke hakatizi mbele ya mchimbaji anayekwenda kazini. Ukimkatizia njia, anarudi nyumbani na siku hiyo haendi, na akienda likatokea la kutokea, ni wewe. Kwa hiyo nilikaa ndani mpaka mlio wa viatu vyake upotee kwenye mteremko, ndipo nikatoka kumwaga maji. Viatu vyake vya nyumbani nilivigeuza, ncha zikaelekea ndani, ili mwenyewe arudi ndani. Jioni akaja mweusi kama sufuria, akaoga, akala, akalala. Sasa angalieni. Mimi na yeye hatukuwahi kutembea njia moja pamoja. Harusi ya binti yetu Su-gyeong tulikwenda kwa basi. Kukaa kwenye basi si kutembea.

Migodi ilipofungwa, kifua chake nacho kikafunga. Vumbi. Kutoka mlangoni hadi barabarani alisimama kupumua kama mtu anayepanda mlima. Tukachukua zile hela za fidia ya kifua chake tukafungua pisi-bang, chumba cha kompyuta za kukodi, maana kila aliyekuwa na akili mwaka ule alifungua pisi-bang. Mimi nilitaka kuuza supu. Nikaishia kupika tambi za ramyeon kwa watu wasionitazama usoni.

Man-bok alichukua kompyuta ya kona, karibu na jiko langu, akaanza kucheza ule mchezo waliokuwa wakicheza wote. Unatengeneza mtu, unampa jina, anaingia katika nchi kubwa yenye misitu na mapango, na watu wengine wamo humo humo, mmoja yuko Busan, mwingine Gwangju. Yeye wake alimwita Taa ya Kofia, kwa ile taa ya wachimbaji. Mchezo ule haukuwa na ramani. Unaona pale uliposimama na kipande kidogo cha kuzunguka, basi. Wengine walijua njia za kwenda kuua madude na kurudi mjini kuuza ngozi zake. Yeye alikuwa anatembea tu. Kutwa nzima.

"Mzee unaua nini?" Tak alimuuliza siku moja. Tak alikuwa mteja wetu wa kila siku. Abiria wakikosekana, na walikosekana sana, anakuja kukaa kwetu.

"Siui kitu."

"Sasa unapata nini?"

"Napata kupumua," akasema Man-bok, akakohoa mpaka Tak akamletea maji.

Majira ya baridi yale alizidiwa. Nilipokuwa namkanda mgongo akaniambia, "Mama Su-gyeong, kule nimepata nyumba."

"Nyumba gani? Hii tunayokaa inavuja."

"Iko peke yake. Inatoa moshi, na haina mtu. Hakuna madude, hakuna mali, hakuna anayefika. Ukitoka mji wa kwanza, panda na mto mpaka kaburi la kale lenye meza ya jiwe. Hapo shika mashariki, usiache mashariki, utauona moshi. Nikipata nafuu tutakwenda wote."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Kule sichoki."

"Mimi sijui kucheza."

"Umelea mtoto, umelima mlimani, utashindwa kubonyeza?"

Hakupata nafuu. Alikufa maua ya azalea yalipoanza kuchanua. Watu walikuja, walikula, waliondoka. Su-gyeong alikaa siku chache akarudi kwa mumewe Ulsan. Akaniambia nifunge duka nikaishi nao. Nikamwambia mimi si kabati la kuhamishwa.

Nilipobaki peke yangu nikawasha kompyuta ya kona. Neno lake la siri nilikuwa nalijua, lilikuwa jina la mbwa wetu. Herufi sikuzijua, lakini nikabonyeza kama nilivyokuwa nikimwona akibonyeza, na Taa ya Kofia akatokea. Alikuwa amevaa kofia ya majani, amesimama mbele ya nyumba ndogo, uso kwenye mlango, mgongo kwangu. Juu ya paa, moshi.

Nikamwita Tak. "Hapa ni wapi?"

Akainama, akajikuna. "Shangazi, mimi mchezo huu nimeucheza mpaka mke wangu amenikimbia. Nyumba hii sijaiona."

"Basi nitengenezee mtu wangu kwenye hii kompyuta ya pili. Nitakwenda mwenyewe."

Tak akacheka mpaka akakaa chini. "Utakwenda wapi? Dude la kwanza tu litakumeza! Sikiliza, shangazi, kuna njia rahisi. Mzee lazima anayo ile karatasi ya kurudia mjini. Mbonyezee mara moja tu, puu, yuko sokoni. Na wewe uko sokoni. Mmeonana, kwisha."

"Aliniambia nitakwenda. Hakuniambia nitaletewa."

"Basi tuwaulize watu. Naandika hapa, dakika moja tu, watu elfu wanasoma."

"Niwaulize watu elfu mume wangu yuko wapi? Wewe mkeo alipokukimbia ulitangaza redioni?"

Akanitengenezea mwanamke mfupi, akamwandika jina Mama Su-gyeong, akanionyesha kipanya kinavyoshikwa.

Nilikufa mara nyingi kuliko paka. Katika mchezo ule ukifa unaamkia mji wa kwanza, na njia yote unaianza upya. Lakini mimi nimechuma mboga za mlimani tangu utoto, na mlimani hakuna ramani. Unashika jiwe lililovimba, mti uliovunjika kiwiko, mahali maji yanapobadili sauti. Nikapanda na mto. Majani yalipokuwa yameshakomaa nje, mimi ndani nikafika kwenye kaburi. Kichuguu cha majani, na meza ya jiwe mbele yake, kama makaburi yetu ya hapa.

Kumbe kazi ilikuwa haijaanza.

"Mashariki ni wapi hapa?" nikamuuliza Tak. Hilo nilimuuliza, maana halikuwa la mume wangu, ni la jua.

"Kulia kwa skrini. Mtoto mdogo anajua. Juu kaskazini, kulia mashariki."

Nikaenda kulia. Kulia kulikuwa na kinamasi, na kwenye kinamasi kulikuwa na vyura wakubwa kama magunia ya makaa. Wakanila. Nikarudi tena kutoka mji wa kwanza, nikapanda mto, kaburi, kulia, vyura. Nikazunguka kinamasi kwa juu, wakanila. Kwa chini, wakanila. Kiangazi chote kiliishia tumboni mwa vyura. Na wakati wote huo kwenye kompyuta ya kona mzee wangu alikuwa amesimama mbele ya mlango, hageuki.

Wateja walipungua. Vijana walikuwa wamehamia michezo mipya, yenye ramani pembeni na mshale unaokuambia kata hapa, ingia hapa. Siku moja Tak akasoma kitu kwenye skrini, akajifanya hakusoma.

"Sema," nikamwambia.

"Si kitu."

"Tak, mimi herufi sizijui, lakini uso wako naujua kuusoma."

"Wanaufunga, shangazi. Theluji ya kwanza haitaukuta. Nchi yote ile wanaizima."

Nikaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani.

"Mrudishe mjini basi," akasema Tak, sauti ya chini. "Angalau muonane."

"Toka, abiria wako wanakungoja."

"Sina abiria."

"Toka hivyo hivyo."

Ikafika Chuseok, sikukuu ya mavuno. Su-gyeong hakuja, watoto walikuwa na homa. Asubuhi nikapanga meza ya marehemu peke yangu, kwa mara ya kwanza. Miaka yote mimi napika, yeye ndiye alikuwa anapanga, maana alikuwa kifungua mimba wa kwao na kwenye meza ya wazee wake alikuwa mkali kama jemadari. Nikasimamisha pazia la kukunja, mahali pa marehemu, kwenye ukuta wa kusini, pale pale alipolisimamisha yeye siku zote, kwa sababu ukuta wa kaskazini umejaa kabati. Nikashika sahani ya samaki. Samaki mashariki, nyama magharibi, ndivyo inavyopangwa. Nikaanza kumweka samaki kushoto kwangu, upande wa dirisha, jua lilikuwa linaingia huko.

Mkono ukasita. Man-bok alikuwa akimweka kulia. Nikakumbuka nilivyomtania zamani, "Baba Su-gyeong, mashariki gani hiyo? Jua liko huku!" Naye, bila hata kugeuza kichwa: "Alipo marehemu ndipo kaskazini, hata nyumba igeuzwe juu chini. Wewe ukimtazama yeye, mkono wako wa kulia ndio mashariki. Rudi jikoni, nyama inaungua."

Nilisimama na samaki mkononi mpaka mchuzi ukanidondokea kwenye soksi.

Mtu yule maisha yake yote hakuwahi kusimama mbele ya kaburi akafikiria jua. Anasimama mbele ya meza ya jiwe, anamtazama marehemu, na marehemu ndiye kaskazini. Sasa kwenye mchezo kaburi lile lilikuwa limekaa chini ya skrini na meza yake juu. Ukisimama mezani kulitazama, unatazama chini. Mkono wako wa kulia ukielekea chini hivyo, unaangukia kushoto kwa skrini. Mimi nilikuwa nakwenda kulia kwa vyura, na mzee alikuwa kushoto.

Nilipiga magoti, nikamwaga pombe ya mchele kama inavyotakiwa, haraka kidogo, atanisamehe. Nikashuka dukani. Hapakuwa na mtu, sikukuu kila mtu yuko kwao. Nikawasha kompyuta zote mbili. Mji wa kwanza, mto, jiwe lililovimba, kaburi. Nikasimama mezani, nikaliinamia, nikashika kushoto.

Hapakuwa na dude hata moja. Majani tu, na njia nyembamba, na majani tena. Nilikuwa natazama kompyuta yangu na sioni kitu. Nikatupa jicho kwenye ile ya kona. Kwenye skrini yake, pembeni kabisa, kulikuwa na mwanamke mfupi anakuja.

Ndivyo angeniona.

Nikamsogeza yule mwanamke mpaka nyuma ya mzee, nikasimama. Miguu ilikataa kupita mbele. Mwaka mmoja baada ya mwingine nimefundishwa usimkatizie, usimkatizie, na sasa hana pa kwenda na bado sikuweza. Nikakaa pale. Baadaye nikajiambia, wewe mwanamke, mgodi umefungwa. Nikamzunguka, nikasimama kati yake na mlango, tukatazamana. Alikuwa na ndevu. Hakuwahi kuniambia kwamba kule amefuga ndevu.

Kisha nikavuta kiti katikati. Kipanya changu mkono wa kulia, chake mkono wa kushoto. Nikatutembeza. Tulitoka pale kwenye moshi tukafuata njia kuelekea mtoni. Mkono wangu wa kushoto ni mzito, basi yeye akawa anabaki nyuma, anasimama, anasogea kidogo, anasimama. Kama kutoka mlangoni hadi barabarani. Mimi nikifika mbele namngoja. Tulitembea kila siku hivyo mpaka skrini zote mbili zikawa nyeusi kwa pamoja, na Tak alikuwa nyuma yangu ameshika bakuli la tambi, safari hii amepika yeye, mbaya kweli kweli.

Hayo nimeandika. Sasa zamu yenu. Mimi nilimwona akitembea pale tu nilipomshika mkono. Zamani, alipokuwa anatembea mwenyewe, sikumwona, nilikuwa jikoni. Nchi ile imezimwa na haina ramani ya kutazama. Lakini watu walikuwa wengi humo. Wewe uliyewahi kukutana njiani na mzee mwenye kofia ya majani, jina lake Taa ya Kofia, asiyeua kitu, niandikie. Alikuwa anatoka wapi, anaelekea wapi, alikusalimia au alikupita. Usiniletee pole, ninazo. Andika herufi kubwa, na uandike mwenyewe. Anwani yangu anayo Mwalimu Seo.