Nilivyokula chenga miezi miwili Ifakara ili mama asikodishe tena shamba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na vijana wenzangu mambo vipi.

Muda mrefu mimi humu ni msomaji tu. Ila juzi nimeona kijana anauliza mtu anayeishi peke yake afanyeje apunguze gharama za msosi, na wengi mkaishia kumcheka. Mimi sitamcheka. Naweka hapa yaliyonikuta kama yalivyo, hata yale ya aibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, milango, madirisha na mageti. Nipo Ifakara, nimepanga chumba kimoja. Kwetu ni Malinyi. Mke bado, mtoto bado.

Mwezi wa tano mwaka jana mama alinipigia simu. Tangu mzee alipougua mpaka akafariki, shamba letu la mpunga lilikuwa limekodishwa kwa jamaa mmoja, na muda wake ndiyo ulikuwa unaisha. Jamaa akawa anataka kuongeza misimu mitatu, na hela anayo mkononi.

"Nimpe au nisimpe?" mama akaniuliza. "Mimi jembe la mkono siliwezi tena, na trekta sina cha kulilipa."

Nikajibu bila kufikiri. "Usimpe, mama. Mwezi wa kumi na moja trekta nalipa mimi."

Akasema, "Haya mwanangu. Nimekusikia."

Wakuu, mama akishakwambia amekusikia, hapo umeshajifunga.

Nilipokata simu ndiyo nikaanza kujiuliza nalipa na nini. Kazi ninazo, tena siyo chache, lakini mwisho wa mwezi huwa sioni kitu. Pombe sinywi. Kubeti niliacha. Nikakaa kitandani nikafuatilia siku yangu moja tu, nikamkamata mwizi. Alikuwa tumbo.

Asubuhi supu na chapati mbili. Mchana wali nyama kwa mama ntilie, na soda juu. Jioni nimechoka, chipsi mayai. Katikati hapo karanga, muwa, maandazi. Na geto kwangu kulikuwa na sufuria moja ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuchemsha maji ya kuoga.

Nikasema basi, naanza kupika.

Sasa hapa ndipo pa aibu.

Nilijua kwamba huku kwetu msimu wa mavuno mpunga unashuka bei, kwa hiyo nikaona ninunue gunia zima, nimalize habari ya wali mpaka mwisho wa mwaka. Nikapanda boda mpaka kijijini Mkula, nikamkuta mtu ana magunia barabarani, na bei yake ipo chini kuliko wenzake wote. Sikuuliza kwa nini. Nikajiona mjanja.

Siku hiyohiyo nikaupeleka mashine, nikakoboa gunia lote. Jamaa wa mashine alinitazama, akasema, "Bosi, huu una unyevu." Nikamwambia wewe koboa tu.

Kilichotoka, karibu nusu ni chenga, yaani vile vipande vya mchele uliovunjika. Nikajipa moyo kwamba tumboni vyote vinakwenda sawa. Nikafunga gunia, nikaliweka sakafuni kwenye kona, nikalifunika na koti.

Siku ya tano nikafungua nichote. Nikapigwa na joto la ajabu usoni. Ndani ya gunia kulikuwa kumechemka, na harufu ya kuvunda imeshaanza.

Wakuu, nilikaa chini. Hela yote niliyokuwa nayo ilikuwa mle ndani. Nilishika simu nimwambie mama ampe tu yule jamaa shamba. Jina la mama lilikuwa tayari kwenye kioo, bado kubonyeza tu. Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kilichoniokoa ni ile harufu. Jirani yangu mlango wa pili, Mama Seba, ni mama wa makamo, na kazi yake ni kupepeta na kuchambua mchele kwenye mashine. Alikuwa anapita na ndoo akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nini kinaoza humu?"

Nikamwonyesha. Akachota, akatia punje mbili mdomoni, akang'ata, akatema nje.

"Huu mpunga uliuanika siku ngapi?"

"Sikuanika, mama."

"Uliung'ata kabla hujanunua?"

Nikatikisa kichwa.

"Wewe umesema kwenu Malinyi. Ulizaliwa huko au uliokotwa?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua: punje unaing'ata, ikikatika kwa mlio imekauka, ikibonyea anika kwanza. Nimekulia kwenye mpunga, mama yangu amenilea kwa mpunga, halafu nimesahau kwa sababu ya miaka michache ya kula sahani za kununua.

Mama Seba hakunibembeleza. Akaniambia lete turubai. Tukamwaga gunia lote juani. Sehemu ya chini iliyokuwa imevunda tukatupa. Iliyobaki tukaianika siku mbili, akapepeta, akatenga mchele upande wake na chenga upande wake.

Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema hataki hela, anataka jiko la pumba, kwa sababu mkaa unammaliza.

Kwa wasiolijua: ni kopo kubwa, kama la rangi, lenye tundu ubavuni chini. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha kijiti kinene tunduni mpaka kiiguse, unashindilia pumba za mpunga pembeni mpaka pakaze, unatoa chupa na kijiti taratibu, unawasha kutokea kwenye lile tundu. Moshi upo mwanzoni, kwa hiyo pika nje. Ila likishakolea, maharage yanaiva wewe umekaa unapiga stori zako. Na Ifakara pumba zipo marundo kwenye mashine, ukiomba wanakushukuru kwa kuwapunguzia.

Nikatengeneza mawili, lake na langu. Mkaa nikaachana nao kabisa, isipokuwa siku za mvua.

Halafu ikaja kazi yenyewe, kula.

Mchele mzuri Mama Seba alinishauri niuze kidogo kidogo kwa majirani, mimi nile chenga. Nikakubali. Miezi miwili, wakuu. Chenga na maharage. Chenga na matembele. Chenga na mlenda. Jumapili chenga na kambale mkavu wa kutoka nyumbani, kipande kimoja nakigawa mara mbili. Asubuhi uji wa chenga. Maharage nayapika Jumapili na Jumatano, nimeyaloweka tangu jana yake, yanawahi kuiva.

Mchana nilikuwa nabeba kwenye kontena. Pale kijiweni kuna fundi mwenzangu anaitwa Dulla. Siku ya kwanza alivyofungua kontena langu alicheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea.

"Oya, hiki si chakula cha vifaranga?"

Kuanzia hapo jina langu likawa Kifaranga. Wateja wakawa wanakuja, "Namtafuta Kifaranga anitengenezee geti." Mwanzoni iliniuma, sidanganyi. Kuna siku nilifunga kontena langu nikaenda kula nyuma ya ukuta kama mwizi. Baadaye nikajiuliza, namkimbia nani? Dulla ndiye atalipa trekta? Nikarudi nikakaa katikati yao, nikala, nikalamba kijiko.

Nisiwe mnafiki, nilianguka pia. Mara tatu, nne hivi, chipsi zilinishinda. Kuna harufu ya mafuta pale njia panda, kama una njaa usipite. Nikabadilisha njia ya kurudi nyumbani. Ni mzunguko kidogo lakini hauna chipsi.

Chenga zilipoisha nikanunua tena mpunga, safari hii kidogo. Nilimng'atia muuzaji punje zake mbele ya watu, akanuna. Nikauhifadhi na maganda yake, gunia limelala juu ya chaga ya mbao, siyo sakafuni. Nakoboa debe moja moja. Mpunga ukiwa na ganda lake unakaa, na mkononi ukiwa na mchele kidogo unaupima, hata wageni wa kuja kula bila taarifa wanapungua.

Mwezi wa kumi na moja, wiki ya pili, nilimtumia mama hela ya trekta. Yote, kwa mara moja.

Siku chache baadaye akanipigia, nipo juu ya ngazi nachomelea dirisha la mtu. Nikapokea, nasikia mngurumo tu. Nikasema, "Mama, haloo, haloo!" Hajibu. Baadaye akaja hewani, "Umelisikia? Nilikuwa nakusikilizisha. Lipo kwenye shamba la baba yako."

Nilishuka kwenye ngazi. Dulla akaniuliza kama nimeunguzwa na cheche machoni. Nikamwambia ndiyo.

Nilichojifunza siyo siri kubwa. Wote tunaimba haba na haba hujaza kibaba, lakini mimi kibaba changu kilikuwa kimetoboka mdomoni kwangu mwenyewe. Na kitu cha pili, kabla hujatafuta ushauri wa mbali, angalia kama kwenu hawakukufundisha tayari.

Mwezi uliopita mama kavuna. Kanitumia gunia moja kwa gari la mizigo. Lile kosa la mwaka jana nilishamsimulia, akacheka mpaka akakohoa. Nilipolifungua nikatia mkono, nikachukua punje, nikaipeleka mdomoni. Kabla sijang'ata simu ikaita.

"Limefika?"

"Limefika, mama."

"Usijisumbue kung'ata. Nimeshaung'ata mimi."

Karibuni mchangie wakuu. Na wewe kijana uliyechekwa juzi, kama upo Ifakara nitafute inbox, jiko la pumba nitakutengenezea bure. Kopo uje nalo.

Wenu, Kifaranga.