Nilivyobadilisha mbuzi wa Krismasi na difu ya Stout, Kajiado

Wakuu, salamu zenu wote humu. Vuteni stuli. Hii ni ukweli mtupu, na nikiongeza chumvi ni ile ya kuonja tu.

Enzi za tisini, Kitengela ilikuwa bado vumbi na swala. Nilikuwa nimetoka kumaliza form four ya night school, Kiingereza kimenijaa mpaka kinamwagika. Kazi yangu? Kuendesha Stout ya Baba, ile pickup ya zamani, nikisambaza maji ya Mama kwa madramu.

Hiyo Stout ingeweza kung'oa kanisa na waumini wakiwa ndani.

Siku moja nikaipakia mpaka springi zikalia. Kwa kamlima kadogo tu, nikasikia difu ikitafuna meno yake yenyewe. Ikavutwa mpaka nyumbani, ikawekwa juu ya mawe.

Kwa wasiojua, difu ni lile boga la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Ikivunjika, engine inanguruma lakini gari haitoki.

Baba, karani asiye na maneno mengi, akasema, "Jumamosi ikipata hiyo kitu bado imekalia mawe, mtu wa scrap anaibeba."

Biashara yote ya Mama ilikuwa juu ya hayo mawe.

Fundi wetu Kioko akapata difu ya minibus. Bolti ziliingia vizuri kabisa, tukapigiana makofi. Lakini ratio, ile hesabu ya meno ya gia, haikuwa yetu. Tupu, Stout ilipaa. Ukiweka maji, kwa mlima inazima, na punda wa maji wanatu-overtake wakitabasamu. Nawaapia, mmoja alinikonyeza.

"Hii ni ya kubeba watu," Kioko akasema. "Tafuta Stout nyingine, hata kama ilikufa."

Madalali wa mbuzi wakatuelekeza Kajiado, kwa Mzee Parmuat, mfanyabiashara wa ng'ombe. Stout yake ilikuwa imekufa engine, vitoto vya mbuzi vinalala kwa cabin. Kioko akaingia chini, akafungua difu, akahesabu meno ya gia, akalinganisha na yetu iliyovunjika tuliyobeba kwa gunia.

"Pacha!" akapiga kelele huko chini.

Nikatoa pesa. Mzee akaziangalia kama nimemwonyesha panya.

"Rudisha hiyo. Nikikupa difu, nitakuita nani?"

"Wafula," nikajibu mbio.

Akacheka mpaka rungu ikamponyoka. "Hilo ulipewa na mama yako! Kijana, mtu akinipa ng'ombe, tunaitana Pakiteng. Akinipa mbuzi, Pakine. Wewe unanipa karatasi. Nikuite Panoti?"

Kumbe hakuwa anauza; alitaka tupeane zawadi, tuitane kwayo. Na mimi na night school yangu nilidhani ana-bargain!

Tukarudi mikono mitupu, na kesho yake ni Ijumaa.

Nyumbani tulikuwa na mbuzi mmoja tu, wa Krismasi, mnono kama pasta wa kanisa. Nilipoeleza, Mama akaenda kumfungua kamba mwenyewe. "Mpeleke. Krismasi tutakula maharagwe." Baba akafungua mdomo. Mama akamwangalia. Akaufunga.

Kajiado tena. Mzee akampapasa mbuzi mgongo, akaridhika. Mimi nikajifanya mjuaji, nikamsalimu Kimaasai: "Sopa, Pakine!"

"Aah, hapana. Pakine ninao wengi mpaka nachanganya. Wewe ni Padifu."

Basi nikawa Padifu, naye Padifu. Sokoni angeniita mpaka ng'ombe wageuke.

Mtu wa scrap alipokuja Jumamosi, alikuta mawe tu. Stout, na difu yake mpya, ilikuwa imeenda kusambaza maji.

Ilituhudumia mpaka miaka ya elfu mbili. Baba alipofariki, jamaa zetu wa magharibi walijaa kwa compound. Mara akaingia mzee wa shuka na kondoo wawili, akajitambulisha mbele ya wote: "Mimi ni Padifu."

Shangazi akanong'ona, "Padifu ni ukoo gani?"

Mama akavuta kiti, akakiweka kando ya chake. "Ni wa kwetu," akasema.

Wakuu, siku hizi spea unaitafuta kwa simu, boda anakuletea, hata sura ya muuzaji huijui. Sawa, ni haraka. Nilichojifunza: angalia ratio kabla ya bolti. Na mtu akikuuliza atakuita nani, usikimbilie wallet.

Haya, semeni. Nani humu alienda kutafuta spea akarudi na ndugu?