Arafa Ndani ya Tela

Msimu wa salfa hunichosha kuliko msimu wa kuokota korosho. Korosho utainamia siku nzima, mgongo utauma, basi. Salfa, ule unga wa njano wa dawa ya mikorosho, inaingia machoni, puani, mpaka kwenye ugali. Tena hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, kwa hiyo anayelala mjini kazi hiyo haiwezi. Ndiyo maana kila mwaka nafunga nyumba yangu ya mjini, Ufukoni, nahamia shambani, Mahurunga, na mwaka ule nilihama na mama.

Shambani tunalala kwenye tela. Ni tela la vitanda, la bati jeupe, lililoachwa na mkandarasi mmoja wa barabara. Nililinunua kama chuma chakavu, likavutwa na trekta mpaka shambani, na matairi yake yamezama mchangani moja kwa moja. Chini ya kitanda changu kuna betri kubwa inayojazwa na sola ya juu ya paa. Ukutani kuna matundu mawili ya kuchukulia umeme wa betri, ya duara, kama lile la kuwashia sigara kwenye gari. Fundi mmoja wa Chuno alinitafutia televisheni ndogo inayokubali umeme huo bila kupitia inveta ya kuugeuza, akaniungia waya, akanionya nisiichezee betri. Ikiwa imejaa, televisheni na king'amuzi vilikwenda kwa muda wa saa nne hivi. Ikiisha, ilitaka jua la siku nzima kurudi.

Gharama na usumbufu wote huo ulikuwa kwa ajili ya mama. Alitamani kuhiji maisha yake yote, na nafasi ilipopatikana nyonga ilikuwa imeshakataa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hija yake mwenyewe alikwisha kuitimiza, akaenda kumhijia. Mama alibaki na ombi moja tu: siku ya Arafa, mahujaji watakaposimama kule kuomba, naye awaone, aombe nao.

"Miguu haikufika," aliniambia, "macho yafike."

Nilimwahidi. Simu yetu ni ya tochi, nyumba ya jirani yenye televisheni iko mwendo wa bodaboda, na bodaboda nyonga ile haiistahimili. Ahadi yote ilikuwa kwenye betri.

Sasa, kwetu kuna wanaofuata mwezi wa Makka na wanaofuata mwezi ulioonekana hapa, na kila mwaka ubishi huo huanzia msikitini ukaishia barazani. Mimi ni wa mwezi wa hapa. Nikahesabu siku zangu kwa vidole, nikaona Arafa ni keshokutwa. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba mahujaji hawatamngoja mtu wa Mahurunga auone mwezi.

Mchana ule nilitoka kwenye mikorosho ya mwisho nimegeuka njano kuanzia kichwani. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikaoga, nikakaa, nikawasha televisheni. Walikuwa wakionyesha mchezo wa mume aliyefukuzwa kazi akamficha mkewe habari hiyo; kila asubuhi anafunga tai anakwenda kushinda kwa kinyozi. Kikaisha kipande, kikaja kingine. Nilicheka mpaka machozi yakanisafisha salfa. Taa ya betri ilikuwa imeshageuka nyekundu na niliiona, nisiseme uongo. Nikajiambia kesho lipo jua la kutwa nzima. Nilizima magharibi ilipoadhiniwa.

Asubuhi nilimpelekea mama uji, akausogeza pembeni.

"Nimefunga."

"Umefunga nini leo, mama?"

"Arafa. Mdogo wako alipiga juzi ukiwa kwenye mashine ya kupulizia. Wanasimama leo."

Niliuweka uji chini nikatoka nje. Kule mtoni mawingu yalikuwa yamekaa na hayakuwa na haraka. Nikapanda juu ya pipa kuitazama sola, nikaikuta imepakwa salfa, vumbi langu mwenyewe la wiki nzima. Niliifuta kwa khanga yenye maji, nikashuka, nikapanda tena nikaifuta mara ya pili ingawa ilikuwa safi. Nilikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu.

Saa saba na nusu mama aliniomba nimkalishe. Nilimwekea mito, nikamfunga mtandio vizuri, nikachomeka waya kwenye tundu. Picha ikaja. Uwanda mzima ulikuwa mweupe kwa watu. Mama akainua mikono, akasema "Labbayka" kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Hakuifikisha dua yake mbali. Picha ikasinyaa, king'amuzi kikalia mara moja, vyote vikazima.

"Ni salfa, mama," nilisema. "Imefunika sola."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Mama hakushusha mikono. Aliomba mbele ya kioo cheusi kwa muda mrefu, midomo tu ikicheza, nami nimesimama na waya mkononi. Alipomaliza alijipangusa uso.

"Jana ulicheka," alisema.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho. Nilidhani unajua siku. Ulipoanza kipande cha pili nikajua hujui."

"Sasa mbona hukuniambia nizime, mama? Mbona hukusema?"

Alitafuta mkono wangu juu ya shuka akaupata.

"Tangu tumehamia huku sijakusikia ukicheka, mwanangu. Nikasema, Mungu anajua nilipo, dua yangu itafika hata gizani. Hicho kicheko, kikikatika, sikujua utakipata lini tena."

Nililia pale pale, mbele yake, kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu. Mama akaniacha nilie. Kisha akainua mikono tena, na safari hii jina la kwanza alilolitaja lilikuwa langu.