Tochi ya Bastola na Kivuli Kilichokuja Kinyume

Kabla sijasimulia lililotokea, sharti niweke wazi hali ilivyokuwa, kwani msikilizaji asiyeijua hali atadhani nimeota. Sikuota. Sikuwa na homa wala si mtu wa kuona mambo. Kazi yangu ni kufundisha nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu na ya Kiswahili, na mtu wa nahau huzoea kutoliamini neno mpaka alione limekaa katika sentensi yake. Niaminini, basi, kwa kadiri hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa Queensburgh, pembeni mwa Durban, juu ya mteremko, na geti lake la vyuma lilitazama njia fupi ya lami iliyoshuka hadi barabarani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukuta mweupe wa jirani. Ilikuwa miaka ile ya mgao wa umeme, ambapo mtaa mzima ulizimika baada ya magharibi kama mshumaa uliopulizwa. Nilikuwa na ukaazi wa kudumu, na bastola niliimiliki kwa leseni, baada ya mafunzo na mitihani yote inayotakiwa. Sheria ya huko humtaka mwenye silaha ndogo aifiche kabisa mbele za watu, na mimi ni mtu wa kufuata sheria.

Sababu ya bastola hiyo ilikuwa mke wangu, Zuhura. Majambazi waliwahi kuja getini kwetu wakiwa wamemkamata mlinzi wa mtaa, wakamlazimisha aite kwa sauti yake ile tuliyoizoea. Zuhura akafungua. Nilimkuta baadaye amefungwa mikono kwa waya wa pasi, mzima wa mwili. Lakini tangu siku ile hakulala. Sisemi alilala kidogo, nasema hakulala. Alikaa kitini akiutazama mlango hadi alfajiri, na usingizi aliouiba mchana haukuwa usingizi.

"Nirudishe Pemba," aliniambia. "Huku nitakufa macho wazi."

Nilimwahidi kwamba muhula ukiisha naye hajapata usingizi, tutafunga mizigo. Nilijua maana ya ahadi hiyo: wanafunzi wangu, vitabu vyangu, maisha yote tuliyoyajenga Durban, kwaheri. Kwa hiyo niliponunua tochi ya kufunga chini ya mtutu sikuwa nikinunua pambo. Nilikuwa nikitafuta kitu kitakachomwezesha mke wangu kufumba macho.

Aliyenishonea ala ya bastola alikuwa Mkongo mmoja, Papa Dieudonné, fundi wa ngozi mwenye karakana yake kule Bluff na mwenye maoni juu ya kila kitu. Tulikuwa na tochi mbili mezani pake. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ikitokeza mbele ya mtutu, nayo mwali wake ulikuwa mkali na mwembamba kama mkuki. Ya pili ilikuwa fupi, imeishia pale mtutu unapoishia, ina betri moja na swichi inayobonyezwa kwa kidole cha mkono wowote. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake, lakini nuru yake ilitawanyika.

"Mwalimu, sikia miye," alisema Papa Dieudonné. "Ile kubwa njo nguvu! Mwizi akiipata mu macho, anasahau hata jina ya mama yake."

"Na mimi nitamwona nani?"

"Utamuona mwizi, quoi!"

"Nitauona uso wake. Mikono yake je? Na aliyesimama kando yake?"

"Eish, Mwalimu! Weye unatafuta torche ama unatafuta cinéma?"

Nilimweleza kwa utaratibu. Tochi ya bastola ina kasoro moja ambayo muuzaji haitaji: popote inapotazama, mtutu nao unatazama papo hapo. Je, utamwelekezea mtutu kila anayekuja getini ili umtambue? Mwenye busara huielekeza ardhini, hatua chache mbele ya miguu yake, na kuiacha nuru inayotawanyika impandie mgeni yenyewe. Mwali mwembamba hauwezi kazi hiyo. Utamulika kokoto moja vizuri sana. Isitoshe, ile ndefu ilivimba chini ya shati nilipoketi, na kinachovimba hakijafichwa.

Papa Dieudonné alishona ala ya ile fupi, akaikanda ngozi ikiwa mbichi mpaka ikashika umbo la bastola na tochi yake pamoja. Ilinikaa kiunoni kama imeota pale. Hata hivyo hakukubali kushindwa.

"Siku moja, giza ikiwa ya kweli," alisema akinipa ala, "nitaleta ile kubwa kwako, tuzipambanishe. Utaona haya, Mwalimu."

Nilicheka, nikaondoka, nikasahau.

Sasa njooni kwenye jioni yenyewe. Umeme ulikatika nilipokuwa nimetoka tu kwenye mswala. Zuhura alikuwa jikoni akikanda unga kwa taa ya betri. Nikasikia geti linagongwa, na sauti ya Papa Dieudonné inaita kutoka gizani:

"Hodi, Mwalimu! Fungua! Mwanga iko na miye!"

Damu ilinisimama. Mtu wa bara hataelewa kwa nini, kwa hiyo naomba dakika moja. Kwetu Pemba neno hilo lina nyuso mbili. Kuna mwanga wa taa. Na kuna mwanga, yule atembeaye gizani kuwaroga watu. Nahau ndiyo inayowatenganisha, kwani taa utasema mwanga uko, na mchawi utasema mwanga yuko. Lakini Kiswahili cha akina Papa Dieudonné kina *iko* moja tu, kwa taa, kwa mtu, kwa mbuzi na kwa mvua. Na mchawi wao wanamwita mulozi. Kwa hiyo nahau yangu haikunifaa kitu. Nilisikia nilichosikia: rafiki yangu yuko getini, na mchawi yu pamoja naye. Na je, si kwa sauti ya rafiki ndiyo tulivyowahi kuingiliwa?

Nilitoka. Nilichomoa bastola, kidole kikiwa mbali na kifyatulio, mtutu ukitazama lami, nikabonyeza swichi.

Nuru ilitanda. Nilimwona Papa Dieudonné mzima, kofia yake, mkoba wake, meno yake yakicheka. Na kando yake, amemshika kiwiko cha mkono wa kushoto, alisimama mke wangu.

Zuhura. Uso ni wake, urefu ni wake, kanga ni ile ile yake ya kila siku.

"Bwana wee, mbona wanitazama?" alisema, na sauti pia ilikuwa yake. "Nifungulie, nimechoka."

"Fungua basi!" Papa Dieudonné alidakia. "Nilimukuta Mama pale pa robot, ile taa ya magari, giza imemushika, nikasema tutembee pamoja. Mukono yake iko baridi, huyu Mama. Umupe chai."

Mtaniuliza: si ulimwacha mkeo jikoni? Nilimwacha. Lakini akili ya mwanadamu ni wakili hodari. Iliniambia papo hapo kwamba labda alipitia mlango wa nyuma, labda alikwenda dukani. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari umeshika komeo. Lau ningekuwa na ile tochi ndefu, ningeuona ule uso niupendao, uso peke yake, ningefungua, na mambo mengine angeyasimulia mwingine.

Lakini nuru yangu ilikuwa chini, juu ya lami, na hapo ndipo nilipoona. Kivuli cha Papa Dieudonné kilikimbilia nyuma yake, kikavuka barabara, kikapanda ule ukuta mweupe, kikubwa kama mti. Ndivyo vivuli vinavyofanya, huikimbia taa. Kivuli cha yule mwanamke hakikwenda nyuma. Kilikuja mbele. Kilishuka kutoka miguuni pake kikanyooka juu ya lami kuelekea kwangu, kinyume cha nuru, na kichwa chake kilikuwa kimekwisha kupita chini ya geti.

Nani kati yenu amewahi kuona kivuli kikiifuata taa?

Sikupiga. Ningempiga nani? Rafiki yangu alikuwa ameshikwa kiwiko. Ulimi uliojaa aya tangu utotoni ulinikauka, nikawa nahesabu herufi badala ya kuzisoma. Kivuli kilisogea kidogo tena.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu. Nilisikia ndara zikija, na nikataka kupiga kelele kwamba asije, mwanamke huyu asiyelala, asije akaona hiki. Alifika. Alitazama juu ya bega langu, mikono imejaa unga. Nilisubiri aanguke.

"We mwanamke!" alisema Zuhura wangu. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu siku ya majambazi. "Uso wangu umeiba, haya, kanga yangu nayo umeivaa juu chini! Maandishi wayasomea miguu? Hata kuvaa hujui, utaweza kuwanga?"

Yule kiumbe aliinamisha macho kuitazama kanga yake. Wallahi, alitazama, kama atazamavyo mtu yeyote aliyeumbuliwa mbele za watu. Na katika kutazama kwake, Zuhura alipiga hatua moja mbele yangu akakikanyaga kile kichwa cha kivuli kwa ndara, kwa uzito wake wote, kama akanyagaye nge.

Vidole viliachia kiwiko.

"Zima!" aliniamrisha.

Nilisita. Nani azimaye taa mbele ya kitu kama kile? Lakini yeye alikuwa ameona kabla yangu: kivuli, hata kiwe kinyume namna gani, taa ndiyo inayokipa mahali pa kusimama. Nilizima. Katika giza lile nilisikia komeo, nikasikia Papa Dieudonné akivutwa kwa ukosi huku akilalamika kwa Kifaransa, kisha geti likafungwa kwa kishindo.

"Washa!"

Niliwasha. Lami, barabara, ukuta mweupe. Hapakuwa na mtu, wala hatukusikia nyayo zikiondoka.

Papa Dieudonné aliketi sakafuni jikoni, akimtazama Zuhura, kisha bakuli la unga, kisha Zuhura tena.

"Mama," alisema polepole, "weye ulikuwa mu nyumba?"

"Nilikuwa hapa nikikanda."

"Basi miye nilitembea na nani?"

"Ulitembea na mwanga, Papa. Si mwenyewe ulisema?"

"Hapana, Mama! Mwanga iko hapa, mu sac!" Akafungua mkoba, akaitoa ile tochi ndefu, akaiinua kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Nilikuja tuzipambanishe!"

Zuhura alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki, mpaka unga wa mikono yake ukampaka mashavu, na sisi tukacheka naye bila kujua kama tunacheka au tunalia. Miezi mingapi nilikuwa nimeutafuta mlango wa kicheko kile kwa dawa, kwa dua na kwa vyuma vya getini? Na mke wangu alikuwa ameufungua mwenyewe, kwa ndara.

Papa Dieudonné aliirudisha ile tochi kubwa dukani kesho yake. Malaika, yaani vinyweleo vya mkono wake wa kushoto, pale aliposhikwa, yaliota upya yakiwa meupe, mkanda mzima kuzunguka kiwiko, na asiyeamini huonyeshwa bila kuomba mara mbili.

Nanyi mnaosikiliza, nawaasa. Mkichagua taa ya kuwalinda, msichague ile inayowaonyesha uso peke yake, hata uwe uso mnaoupenda kuliko nyuso zote. Chagueni itakayowaonyesha ardhi anayosimama juu yake, na mtazame ardhi kabla hamjafungua. Wala msijione mmejilinda kwa kuwa mna silaha. Yangu jioni ile ilikuwa kishikio cha taa tu, na nashukuru ilibaki hivyo.

Ilipopita saa moja tangu umeme kurudi, Zuhura alilala, akaamka jua limekwisha kupanda. Muhula uliisha, na hatukufunga mizigo.